Nukta Isiyo na Uzi

Yolima alikuwa binti wa mama yangu mkubwa Libia, na ndiye aliyenipokea Medellín nilipokuja kusoma uuguzi. Tuliishi vyumba viwili juu ya kilima cha Manrique, mahali ambapo pikipiki hufika ikikohoa. Yeye alilala chumba chenye dirisha, mimi sebuleni na jokofu. Asubuhi ninayoanzia ilikuwa asubuhi kama nyingine. Arepa, mikate yetu ya mahindi, ziliungua. Alizila hivyo hivyo, akasema mkaa ni dawa ya tumbo, akanicheka kwamba nesi mzima sijui jambo dogo kama hilo. Kisha akavaa koti lake la mvua la njano, akashuka kazini.

Alifanya kazi katika ofisi ndogo ya kutafuta waliopotea. Kwetu waliopotea ni wengi, wangekusanyika wangejaza mji. Wengine walishushwa kwenye malori. Wengine waliitwa mlangoni wakatoka na kandambili, wakasema wanarudi sasa hivi. Upande mmoja ofisi ilikuwa na majina yasiyo na maiti. Upande wa pili ilikuwa na maiti wasio na majina, waliotolewa mtoni na mashambani. Kichwa cha binadamu hakiwezi kubeba yote hayo, ndiyo maana walikuwa na programu.

Nilimpelekea chakula mara kadhaa, akanionyesha kwenye kompyuta. Kila mtu ni nukta. Aliyepotea ni nukta, mama yake ni nukta, shahidi ni nukta, maiti asiyejulikana ni nukta. Baina ya nukta na nukta unaweka uzi, ikiwa ipo sababu: undugu, simu iliyopigwa, kuonekana kwenye lori moja, kupatikana kwenye shimo moja. Ukishaingiza watu na nyuzi zao unabonyeza, na programu inawapanga yenyewe. Nukta zote husukumana, kila moja haimtaki jirani, kama majogoo ndani ya uzio mmoja. Nyuzi huvuta kama mpira. Nukta zinasukuma, nyuzi zinavuta, mchoro unatetemeka kioo kizima, halafu unapoa, unatulia kama maji ndani ya beseni. Ukitulia, unaona. Waliokuwa pamoja wamekaa pamoja. Na mara nyingine maiti asiye na jina unamkuta ameegemea familia fulani, kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati, kwa sababu ya neno la shahidi mmoja, na watu wanachukua sururu wanakwenda kuchimba.

"Mimi sitafuti mtu," aliniambia siku moja. "Naweka nyuzi tu. Wao ndio wanaotafutana."

Kaka yake Elkin alikuwa ndani ya mchoro ule. Alishushwa kwenye lori la ndizi, mchana kweupe, kwenye barabara ya kwenda kwetu Puerto Almagre, na dereva aliyemwona akishushwa alikufa kabla hajaulizwa. Basi nukta ya Elkin ilishikwa na nyuzi za nyumbani pekee, wa mama yake na wa dada yake. Kila mchoro ulipotulia ilikuwa pale pale kando ya mama, kama mtoto aliyekatazwa kutoka uani. Haikuwa na uzi wowote wa kuonyesha alikopelekwa.

Mama mkubwa Libia alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba. Katika ukuta wa makaburi wa Puerto Almagre, ambamo tunawazika watu wetu vijumbani, ubavuni mwa mumewe, palikuwa na kijumba kimoja kitupu alichokitunza kwa ajili ya Elkin. Alikwenda kukifagia kila Jumatatu. Kufagia kaburi tupu, miaka nenda miaka rudi, kwa pumzi ya kuazima. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa, na Yolima alitaka kumpa jambo hilo kuliko alivyotaka kuishi.

Mama yangu mimi hakukubali majina yetu yaandikwe kwenye mchoro ule. Alisema majina ya watu hai yana kazi nyingine.

Sasa, kulikuwa na nukta moja. Mtu aliyeletwa na mto pale pale Puerto Almagre. Hakuwa na nguo wala meno, na hakuna shahidi aliyemtaja. Hakuwa na uzi hata mmoja. Nukta kama hiyo programu huitupa mbali, kwa kuwa wote wanaisukuma na hakuna anayeivuta, nayo hukimbia mpaka ukingo wa kioo ikabaki huko peke yake. Kila mwisho wa mwezi Wilmar, kijana aliyekaa naye meza moja, aliziondoa nukta za ukingoni ili mchoro upumue. Mafaili yao yalibaki kabatini. Lakini katika mchoro, walikoma kuwapo.

Yolima hakuweza kuangalia jambo hilo. Sisi watu wa Puerto Almagre hatuwezi.

Kwetu mto ukileta mtu asiye na jina, hatumwachi. Anazikwa ukutani kwa sadaka, na mtu mmoja wa mji anakwenda kumchagua. Unagonga saruji kwa vifundo vya vidole, ili ajue umefika. Unamwekea maji, maana waliokufa mtoni wana kiu isiyokwisha. Unampa jina. Unamwomba jambo, unamwahidi malipo, na akitenda, unalipa. Lakini jina la ukoo humpi. Hilo ni la mwisho kabisa, siku mifupa yake inapolazwa na mifupa ya watu wako. Jina la kwanza ni la kumwita. La ukoo ni la kumwingiza ndani. Mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Ilikuwa alasiri ya mvua, Wilmar anachemsha kahawa. Yolima aliweka kikombe cha maji mbele ya kompyuta. Akainama. Akagonga kioo kwa vifundo vya vidole.

Wilmar akamwuliza tangu lini anabisha hodi kwa mashine, na kama mashine imemwitikia karibu.

"Nyamaza, kaka. Nina mgeni."

Akampa jina Evelio. Programu ikakataa. Ilidai jina la ukoo, nafasi ile ikageuka nyekundu, na bila hilo isingemhifadhi mtu, na mtu asiyehifadhiwa hafungwi uzi. Wilmar aliniambia baadaye kwamba Yolima alikaa pale muda mrefu, vidole juu ya herufi, mvua inapiga bati. Halafu akaandika Urrego. Jina la baba yake. Akavuta uzi kutoka kwa Evelio mpaka kwake mwenyewe, na programu ilipouliza uzi huo ni wa nini, akachagua: undugu.

"Nipe Elkin," alinong'ona. "Nami nitakulaza kwetu."

Jioni aliniambia haya tukila maharagwe. Niliacha kutafuna.

"Umempa la ukoo?"

"Programu haikukubali bila hilo."

"Programu haijazaliwa Puerto Almagre."

Akanitupia kitambaa cha sahani, akasema nimeanza kuzeeka kabla sijaota ndevu, ile ni nukta tu, doa la mwanga juu ya kioo. Alicheka. Lakini sahani yake hakuimaliza, na alipoinuka kuipeleka jikoni niliona amejaza glasi nyingine ya maji, akaiweka dirishani, bila kujitambua.

Kuna jambo inabidi ulijue kuhusu michoro ile. Kila ukiianzisha upya, programu huzitawanya nukta ovyo kama mahindi, halafu ndipo inazipanga. Kwa hiyo leo familia fulani itakuwa juu, kesho chini, leo kulia, kesho kushoto. Hilo halina maana. Maana ni nani yuko karibu na nani.

Evelio hakutawanyika. Wilmar ndiye aliyeona. Wote walitawanywa, wote walirushwa, na yeye alibaki katikati ya kioo, hatikisiki, na maelfu ya wenzake wakapangwa kumzunguka. Wilmar aliianzisha upya. Katikati. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Katikati. Siku hiyo alikoma kutania.

Na nyuzi zake ziliongezeka. Yolima alimpa mmoja. Jumatatu moja walikuta mwingine, umetoka kwa Evelio mpaka kwa Elkin. Na mwingine, mpaka kwa kundi la maiti waliotolewa zamani kwenye machimbo ya mchanga ya Caño Hondo. Sababu ya uzi: walionekana pamoja. Shahidi: hakuna. Aliyeandika: Yolima Urrego, Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, yeye akiwa nyumbani ananipigia pasi mashati. Sasa mchoro ulipotulia Elkin hakuwa tena uani kwa mama. Alikuwa amevutwa hadi Caño Hondo, na nukta ile ya katikati imemshika kama mtu aliyemshika mtoto mkono kumvusha barabara.

Yolima alijua kuwa si yeye aliyeandika. Lakini ungefanya nini? Angemwambia nini mama yake? Aliupeleka mchoro kwa wachimbaji.

Wakachimba. Chini ya lile shimo la zamani palikuwa na shimo jingine, ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Bizimu ya mkanda ilikuwa yake. Taya ilikuwa yake. Damu ya mama mkubwa Libia ikapimwa, ikakubali. Alikuwa Elkin.

Walimleta katika kisanduku ambacho ungeweza kukibeba kwapani. Mama mkubwa alikaa chini, akakiweka mapajani, akalaza shavu juu yake. Sisi wote tulisubiri alie. Hakulia.

"Umekonda, mwanangu," alisema.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali, saruji ya ukuta inaunguza kiganja. Padri alipomaliza, Yolima alimvuta mama yake pembeni. Nilikuwa nimemshika mama mkubwa mkono, kwa hiyo nilisikia. Aliomba kijumba kisizibwe bado. Alisema kuna mwingine, upande wa pili wa ukuta, asiye na mtu, na kwamba ameahidiwa.

Mama mkubwa alimtazama kama mtu anayetazama jiko linalofuka moshi. Alimwambia kwa utulivu kwamba amengoja mmoja. Hakungoja wawili. Hatamlaza mtu asiyemzaa juu ya kifua cha mwanawe.

"Mama, nimeshampa jina letu."

"Nani alikutuma?"

Fundi akapaka saruji, akaisawazisha kwa mwiko, akaandika Elkin kwa ncha ya msumari. Watu wakaanza kutawanyika kuelekea kivulini. Ndipo niliposikia, mchana ule, njiwa wakiwa kimya. Kutoka upande wa pili wa ukuta, kutoka ndani. Mtu anagonga polepole. Kwa vifundo vya vidole.

Mama mkubwa hakugeuka. Yolima aligeuka.

Tuliporudi Medellín, mambo yalianza na mwanamke wa duka la mikate. Alimuuzia Yolima mikate kila siku, akimwita kipenzi, akimuuliza ataolewa na nani. Asubuhi moja alimuuliza kama ni mgeni hapa mtaani. Tulicheka njia nzima. Yolima alisema huenda ni nywele, amezikata vibaya.

Kisha ikawa mwenye nyumba. Akanisimamisha mimi ngazini, akaniuliza kwa sauti ya chini yule dada anayelala kwangu atakaa siku ngapi.

Kisha simu. Alimpigia rafiki yake wa shule, na rafiki akakata, kwa heshima, kama unavyomkatia mtu aliyekosea namba.

Na ofisini nukta ya Yolima ilianza kusogea. Alikuwa na nyuzi nyingi zamani: mama, kaka, marafiki wa kaka waliohojiwa, wenzake wa kazi, majirani wa Puerto Almagre waliotoa ushahidi. Kila siku kulipungua mmoja. Aliurudisha kwa mkono wake, programu ikapokea bila neno, akabonyeza, mchoro ukatetemeka, ukatulia. Uzi haupo. Halafu akautafuta, na alijua pa kuutafuta. Ulikuwa umehamia kwa Evelio. Kila uliotoka kwake ulikuwa kule.

Aliyenyimwa nafasi kaburini alikuwa anatafuta nafasi nyumbani.

Wilmar alipambana na Evelio kwa muda. Aliandika jina la Yolima kwa kalamu kwenye kiganja chake ili asimsahau. Lakini asubuhi moja Yolima aliingia, na Wilmar akasimama, akamvutia kiti, akamwambia pole sana dada, tutampata ndugu yako, umekuja na picha? Kiganjani mwake wino bado ulikuwepo. Alikuwa akiutazama kama mtu anayesoma lugha ya watu wengine.

Yolima aliniambia haya akiwa amekaa juu ya ndoo jikoni. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu kwa vidole waliobaki, na vidole vilizidi.

"Mama," alinong'ona. "Mama bado yupo. Jana alinipigia. Twende kabla."

Tulipanda basi la kwanza. Ilikuwa siku ya mwisho ya sala za Elkin, nyumba imejaa wanawake wenye rozari, viti vimefika mpaka barabarani. Harufu ya maua na supu ya kuku. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya kigoda. Aliniona, uso ukafunguka.

"Norbey, mwanangu, umekuwa mrefu. Wanakulisha huko?"

Nilimbusu. Yolima alikuwa nyuma yangu. Alipiga magoti, akamshika mama yake mikono yote miwili.

Mama mkubwa alimwachia mikono ile. Alikuwa mtu wa adabu maisha yake yote. Akatabasamu kidogo, kama unavyomtabasamia mtu aliyetoka mbali kuja kukupa pole.

"Karibu sana, mama. Na wewe ulimfahamu mwanangu?"

Wanawake waliendelea kusali. Yolima akasema, mama, ni mimi. Akasema tena. Alisema jina la mbwa waliyemfuga. Alisema juu ya kovu la maji ya moto kwenye bega la mama yake, na nani aliyepaka mafuta. Mama mkubwa alisikiliza yote. Kisha akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yanaomba msaada.

"Maskini," alininong'oneza. "Naye atakuwa amepoteza mtu." Halafu akaelekeza sauti jikoni, sauti ile ya kuita mtoto wako mwenyewe, ambayo huwezi kukosea. "Evelio. Waletee wageni kahawa, baba."

Jikoni mtu aliweka kikombe chini.

Sikutazama. Nasema ukweli, nilikaza macho kwenye sakafu. Niliona wanawake wakivuta miguu yao kumpisha mtu, mmoja baada ya mwingine, bila kuacha sala. Mmoja alisema asante, mwanangu. Sikuona miguu iliyopita. Nilipoinua uso, sinia lilikuwa juu ya meza mbele yetu. Kahawa inafuka. Na sinia limejaa maji hadi ukingoni, maji ya kahawia, yenye mchanga mwembamba unaozunguka chini ya vikombe.

Mama mkubwa alichukua chake, akanywa.

Tulirudi Medellín. Tulikwenda ofisini moja kwa moja kutoka kituoni, mchana, watu wakirudi kutoka kula. Wilmar alitukaribisha. Alinijua mimi. Yeye alimwita dada. Yolima hakubishana naye, alikaa kwenye kompyuta kama mwenye nyumba, na Wilmar akaniuliza kwa macho huyu ni nani. Nilimwambia amwache.

Nukta yake ilikuwa mbali, karibu na ukingo. Ilishikwa na uzi mmoja tu katika dunia nzima. Ule alioufunga mwenyewe. Yolima, Evelio. Undugu.

"Nikiukata atarudi alikotoka," alisema.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia Evelio sasa ana nyuzi tele, hauhitaji huo. Anayeuhitaji ni wewe. Nilinong'ona, sijui kwa nini, hakukuwa na aliyelala.

"Usikate, Yolima."

"Ananivuta, Norbey. Nikilala nasikia maji puani. Kila siku ananivuta." Akanitazama. "Afadhali nisukumwe."

Akakata. Akabonyeza.

Kioo kilitetemeka. Nukta zilikimbia huku na huku. Ya katikati haikutikisika. Na ile yake, ikisukumwa na wote, haikuvutwa na yeyote, ikaondoka. Haikuondoka kwa kasi. Ilirudi nyuma, ikarudi nyuma, hadi kwenye ukingo kabisa. Ikasimama.

Alisema anakwenda kunawa uso. Ujia wa kwenda chooni ni mfupi, na una mlango mmoja. Nilisikia bomba likifunguliwa. Maji yalimwagika. Yakaendelea kumwagika. Nikaita. Nikaingia.

Bomba lilikuwa wazi. Koti la njano lilining'inia kwenye msumari.

Nilipotoka nimelikumbatia, Wilmar aliniuliza kwa upole kama nimeliokota humo chooni, akasema kuna sanduku la vitu vilivyosahauliwa, pale mlangoni.

Nilizunguka hospitali zote, nikazunguka vituo vya polisi. Nilikuwa na jina, sikuwa na mtu mwingine wa kulithibitisha. Mama yangu aliniambia kwa simu kwamba dada yake ana watoto wawili wa kiume, mmoja marehemu, na nisome kidogo, nilale zaidi. Ni mimi pekee niliyemkumbuka. Nilikaa nikiwaza kwa nini, hadi nikaelewa: sikuwa ndani ya mchoro. Uzi wangu kwa Yolima haukuwahi kuandikwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuhamisha.

Ningenyamaza, labda ningebaki hivyo. Lakini mwezi ulikuwa unaisha.

Nilimkuta Wilmar tayari ameanza kusafisha. Alikuwa anafuta nukta za ukingoni moja moja, anaimba chini kwa chini. Nilimshika mkono. Nilimwonyesha ile. Ilikuwa imebaki jina tupu, Yolima Urrego, bila picha, bila kitu. Nilimwomba asiifute. Akasema kwa masikitiko kwamba nukta isiyo na uzi haimsaidii mtu, na mimi nikasema basi ifunge. Akauliza kwa nani, kwa sababu gani.

"Kwangu. Ni binamu yangu."

Wilmar akaniandika. Jina langu, majina ya ukoo wangu, jina la mama yangu na dada yake, kama programu inavyodai. Akavuta uzi. Akabonyeza.

Na akaja. Naapa kwamba alikuja. Kutoka ukingoni ile nukta ilianza kusogea, polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, ikapita katikati ya wote waliokuwa wanaisukuma, ikaja ikasimama kando ya yangu. Nilikuwa nalia mbele ya Wilmar bila aibu. Nilinong'ona jina lake. Nilihisi, au nilitaka kuhisi, harufu ya arepa zilizoungua.

Halafu uzi mwingine ukachorwa. Wilmar alikuwa ameinua mikono, hakugusa kitu. Ulitoka katikati ya kioo, ukaja moja kwa moja, ukanishika.

"Undugu," Wilmar alisoma. Akashangaa mshangao wangu. "Si kweli, kaka? Si mtoto wa mama yako mkubwa?"

Haya nayaandika mchana, kwa haraka, kwa kuwa sauti ya Yolima imeshanitoka. Najua alicheka. Sijui alichekaje. Leo asubuhi ilibidi nitazame juu ya ukurasa huu ili nilikumbuke jina lake.

Na jana, nikiwa nimesimama kituoni nangoja basi, nilikumbuka namna Evelio alivyonifundisha kuogelea. Nilikuwa mdogo. Alinishika tumboni kwa kiganja, akaniambia piga miguu, usiogope, mto unawajua watu wake. Wakati wa kutoka nilikanyaga chupa, kisigino kikapasuka, damu nyingi, akanibeba mgongoni hadi nyumbani. Mgongo wake ulikuwa baridi. Niliweka shavu langu pale, nikasinzia.

Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kuingia mto ule kupita magoti.

Nikakaa ukingoni mwa barabara. Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikageuza mguu.

Kovu lipo. Jeupe, pana, limepona zamani.